Matone 33 kwa Dakika

Kichupa cha streptokinasi hakitikiswi. Muuguzi aliyeizoea kazi hukitia maji ya chumvi taratibu, yateleze ukutani mwa kioo, kisha hukiviringisha viganjani mpaka unga uyeyuke wenyewe. Kikitikiswa hutoa povu, na ndani yake mna uniti 1,500,000 ambazo hakuna wa kuzipoteza kwa pupa. Dawa iliyoyeyuka huhamishiwa kwenye mililita 100 za maji ya chumvi, dripu hutundikwa, naye hutazama saa aliyoibana kifuani mwa sare yake. Yote iingie kwa dakika 60. Mrija wa matone 20 kwa mililita utahitaji basi matone 33 kila dakika. Penye pampu, pampu hufanya hesabu hiyo. Pasipo na pampu ni jicho lake, na kidole chake juu ya kile kigurudumu kidogo cha plastiki kinachobana mrija.

Nataka kukisifu kidole hicho.

Mshtuko wa moyo unaotibiwa kwa dripu hii huja pale donge la damu linapoziba mshipa unaoulisha moyo. Nairobi, mgonjwa akiwahi, daktari anaweza kupitisha mrija mwembamba hadi kwenye mshipa huo na kuuzibua. Lakini tuseme mgonjwa wetu ni mzee wa Nyansiongo, kule kwenye chai ya Borabu. Kifua kimembana tangu alfajiri; nyumbani wamedhani ni vidonda vya tumbo, wakampa maziwa; sasa gari limempitisha Keroka hadi Kisii mjini. Nairobi iko zaidi ya kilomita 300 kutoka hapo, na msuli wa moyo unazidi kufa. Dawa ya kuyeyusha donge ndiyo iliyo karibu naye, wala si ya kubahatisha. Utafiti wa ISIS-2, uliochapishwa mwaka 1988, uliwahusisha wagonjwa 17,187 katika hospitali 417. Kati ya wale ambao hawakupewa streptokinasi wala aspirini, 13.2% walikufa kwa maradhi ya moyo na mishipa ndani ya wiki 5. Kati ya waliopewa zote mbili, 8.0%. Sifa zimewaendea maprofesa wa Oxford waliouongoza, na wanazistahili. Mimi huziwaza zile hospitali 417, na nani aliyekaa kando ya dripu usiku kucha.

Kabla ya tone la kwanza kuna maswali. Tata, umewahi kupata kiharusi? Umetapika damu? Umepasuliwa karibuni? Umeanguka ukaumia kichwa? Hilo la kichwa lina uzito wake huku Gusii, nchi ya ababari, mafundi waliofungua fuvu kwa kulikwangua ili kuondoa maumivu yaliyobaki baada ya pigo, hata madaktari wa kigeni wakaja kuutazama ufundi huo na kuuandika. Mtu aliyefunguliwa kichwa juzi, awe amefunguliwa na yeyote yule, hawekewi dripu hii, maana dawa haitofautishi donge linaloua na lile linaloziba jeraha. Presha hupimwa mikono yote miwili, kwa sababu tofauti kubwa inaweza kumaanisha kwamba mshipa mkuu umechanika, na hapo dawa ingemmaliza. Ikizidi 180 kwa 110 huteremshwa kwanza, kwa kuhofia damu kuvuja ubongoni.

Dripu ikishaanza, hofu hugeukia upande wa pili. Presha ya juu iliyokuwa 130 ni 105 dakika ya kumi, na dakika ya kumi na tano ni 82. Streptokinasi huamsha plasmini, nayo plasmini, mbali na kukata nyuzi za donge, huchochea kutolewa kwa bradikinini, kemikali inayolegeza mishipa mwili mzima. Mishipa ikipanuka, presha huanguka, na kadiri dawa inavyokwenda mbio ndivyo inavyoanguka zaidi. Ndiyo sababu ya yale matone 33. Mara nyingi hali hii huja mapema na hupita.

Mara nyingi, si kila mara, na hapa ndipo ninapovua kofia. Hiyo 82 inaweza kuwa na chanzo kingine kabisa. Huenda ni mofini aliyopewa, au kidonge cha chini ya ulimi. Huenda upande wa kulia wa moyo ndio ulioumia, na huo hutaka maji. Au wa kushoto umechoka kusukuma, na maji yatamzamisha mapafuni. Huenda anavuja damu tumboni pasipoonekana. Huenda dawa imemkataa. Huenda hata ni habari njema: mshipa umezibuka, na moyo ulioumia sehemu yake ya chini umepunguza mapigo ghafla kwa muda. Namba haisemi ni lipi. Muuguzi hushika mkono, una joto au una jasho la baridi? Hutazama mishipa ya shingo, husikiliza mapafu kwa chini, hutafuta vipele na midomo iliyovimba, huchungulia fizi na mkojo kama kuna damu, huhesabu mapigo. Hayo yote huenda kwa dakika moja hivi, na kigurudumu keshakibana nusu kabla hajaanza.

Wala haiamini mashine peke yake. Mashine ya kupima yenyewe hubabaika presha ikiwa chini sana au mapigo yakirukaruka, na humbana mgonjwa mkono tena na tena mpaka ngozi ivilie damu. Kwa hiyo hurudi kwenye mkanda na stethoskopu, kwa namna aliyoieleza Nikolai Korotkoff mwaka 1905, akisubiri mlio wa kwanza. Hupima mkono usio na dripu, kwani kuubana wenye dripu ni kuizuia dawa.

Kisha miguu huinuliwa. Mapafu yakiwa makavu, maji huongezwa kwa kipimo. Mapigo yakiwa ya polepole mno, daktari huagiza atropini. Presha ikikataa kupanda, dripu husimamishwa. Kuifunga kabisa ni rahisi, na hakuna atakayemlaumu muuguzi kwa kuogopa 82. Mkono mzoefu hufunga huku ukikumbuka kufungua: presha ikirudi 100, matone huanza tena, safari hii 15, halafu 20, na saa moja inakuwa saa moja na nusu.

“Tata, kifua kinasemaje?”

“Kimepungua, sista.”

ECG, kipimo cha umeme wa moyo, hurudiwa baada ya dakika 90, daktari atazame kama mstari ulioinuka umeshuka angalau nusu. Muuguzi huandika kwenye faili jina la dawa na tarehe, kisha humwandikia hayo hayo kijana wa mzee kwenye karatasi ya kubeba. Mwili utaunda kingamwili dhidi ya streptokinasi, kwa hiyo haipaswi kurudiwa. Kifua kikibana tena itafutwe nyingine, kama tenekteplasi, inayochomwa mara moja kwa kufuata uzito wa mgonjwa. Faili litabaki Kisii, na mara nyingine mzee anaweza kukimbizwa Nyamira.