Fundi Anayeuliza Kuhusu Dari

Mteja akimwendea fundi mzuri wa kompyuta mjini Moshi, akitaka kuundiwa mashine ya kuhariri video za harusi, swali la kwanza atakaloulizwa si la fedha. Ataulizwa kompyuta itakaa wapi. Ni Soweto, Pasua au juu kule Kibosho? Nyumba ina dari, au mabati yako wazi? Meza imeelekea dirisha la barabarani? Jikoni panawashwa kuni? Mteja hushangaa, maana amekuja na orodha ya prosesa na kadi za picha aliyoiandika kwenye simu. Lakini fundi ameshaanza kazi. Anachagua kipozeo.

Ni ufundi usiosifiwa vya kutosha. Watu husifu kasi ya prosesa na ukubwa wa kumbukumbu, kwa kuwa hivyo vina namba zinazotajika barazani. Kipozeo hukumbukwa mwisho, kwa chenji iliyobaki, na mara nyingi huchaguliwa kwa rangi ya taa zake.

Karibu umeme wote unaoingia kwenye prosesa hutoka ukiwa joto. Ryzen 5 5600 ya AMD imekadiriwa wati 65. Core i9-14900K ya Intel, ikibanwa na kazi nzito, hufika wati 253, na joto hilo lote huzaliwa kwenye kipande cha silikoni chenye eneo lisilofika sentimita tatu za mraba. Mwaka 2001 waandishi wa Tom's Hardware walionyesha kinachotokea joto likikosa pa kwenda: waling'oa vipozeo kompyuta zikiwa zinaendesha mchezo wa Quake III. Pentium 4 ilijipunguzia kasi ikanusurika. Athlon ya AMD iliungua. Prosesa za leo zote hujilinda kama ile Pentium. Haziungui, zinapunguza mwendo. Ndiyo maana mtu anaweza kukaa miaka na kompyuta iliyopozwa vibaya asijue, akidhani programu ndiyo nzito, huku kazi ya saa moja ikimchukua saa mbili na wateja wakimpigia simu.

Fundi wa Moshi anaanza na kanuni moja isiyo na huruma: hakuna feni wala rejeta inayoweza kuishusha prosesa chini ya joto la chumba ilimo. Chumba kikipanda nyuzi 15, prosesa nayo itapanda karibu nyuzi hizohizo 15. Asubuhi ya Julai, mawingu yakiwa yameufunika mji, chumba kinaweza kuwa na nyuzi 18. Februari, saa nane mchana, chini ya mabati yasiyo na dari, nyuzi 33 si ajabu. Mashine iliyojaribiwa Julai ikasoma nyuzi 75 itasoma 90 Februari, na 90 ndicho kikomo cha Ryzen 5 5600. Mwenye kuijua kazi yake hupiga hesabu ya Februari hata kama mteja amekuja amevaa sweta.

Mlima nao una lake. Mji wa Moshi uko kati ya mita 800 na 900 hivi juu ya usawa wa bahari, na mgandamizo wa hewa hapo ni pungufu kwa karibu asilimia 10 kuliko Tanga au Dar es Salaam. Kileleni Kibo, kwenye mita 5,895, umebaki karibu nusu. Feni hupuliza ujazo uleule popote ilipo, ila hewa nyepesi hubeba joto pungufu. Kwa Moshi tofauti ni ndogo, lakini ipo, nayo inatosha kumfanya fundi aongeze nafasi kidogo badala ya kununua kipozeo kinachotosha kwa kubahatisha.

Vumbi ndilo adui mkubwa. Wakati wa kiangazi, upepo unapopanda kutoka tambarare za kusini, unga mwekundu huingia hata pale dirisha lilipofungwa. Hujisukuma katikati ya mapezi ya alumini ya kipozeo, ukakutana na moshi wa jikoni wenye mafuta, ukashikamana kama blanketi lililofumwa. Ukikifungua kipozeo cha namna hiyo baada ya mwaka, unakuta feni inazunguka vizuri kabisa, ila haipitishi kitu. Na si vumbi peke yake: mijusi hupenda pawa saplai kwa uvuguvugu wake, na sisimizi hufuata mijusi waliokufa.

Hapo ndipo ufundi unapopita ununuzi. Hewa lazima ipewe njia: pa kuingilia, pa kupitia, pa kutokea. Feni mbili mbele zinazovuta, moja nyuma inayotoa. Inayoingia ikizidi inayotoka, hewa ya ndani husukuma nje kupitia kila ufa, na vumbi halipati mlango isipokuwa kwenye vichujio. Kasha likija bila vichujio, soksi ndefu ya nailoni ya kike ikivutwa vizuri mbele ya feni inafanya kazi hiyo, na inafulika. Nyaya hufungwa nyuma ya ubao ili zisikatize upepo.

Anayefahamu mifongo ya Wachagga ataona undugu. Mfereji wa mfongo hautegemei wingi wa maji mtoni. Unategemea mtu aliyejua mahali pa kuyachepua juu bondeni, akayaongoza kwenye ubavu wa mlima kwa mteremko mdogo sana, asiyaache yavujie njiani, hadi yakafika mgombani. Tofauti ni kwamba mifongo ilikuwepo kabla wamisionari hawajafika katikati ya karne ya 19, na ujuzi wake una wazee na vikao. Ufundi wa kompyuta hauna wazee hao. Mwaka 1974 Serikali ilipiga marufuku kuingiza kompyuta nchini, na miaka mingi ikapita bila kijana wa Kiusa au Majengo kuona tumbo la mashine hiyo. Waliopo leo wamejifundisha kwa kufungua vilivyoharibika.

Mwalimu wao mmoja ni Dell OptiPlex za zamani, zile zilizofika zikiwa zimeshatumika ofisi za ng'ambo. Ndani yake kuna bomba pana la plastiki linalofunika kipozeo: feni moja ya mbele huvuta hewa safi, ikaipitisha kwenye mapezi na kuielekeza nyuma ya kasha. Feni moja, kazi mbili, hakuna upepo unaopotea. Waliobuni mpango huo wanastahili heshima kubwa kuliko wanayopewa wauza taa za rangi.

Halafu linakuja swali la hewa au maji. Mifumo ya maji iliyofungwa kiwandani inavutia: pampu juu ya prosesa, mipira miwili, rejeta yenye feni. Kwa Core i9 inayofanya kazi mchana kutwa ina maana, kwani rejeta hutoa joto moja kwa moja nje ya kasha. Ila pampu ina maisha yake, na maji hupungua polepole kupitia kuta za mipira mwaka hadi mwaka. Pampu ikifa, maji yanasimama na prosesa hujizima baada ya muda mfupi. Ya kubadilisha haipatikani barabara ya pili. Huenda ikaagizwa Kariakoo na kuja kwa basi. Na anayejitengenezea mfumo wake asijaze maji ya bomba, ambayo mlimani hutoka kwenye miamba ya volkano yakiwa na madini yake. Ajaze maji yaliyokenekwa, yale ya kujazia betri.

Kwa mtu wa Moshi mwenye prosesa ya wati 65 hadi 125, mnara wa hewa ndio chaguo bora, tena kwa mbali. Ndani ya mirija yake ya shaba kuna kimiminika kidogo kinachochemka karibu na prosesa, mvuke ukakimbilia kwenye mapezi, ukapoa na kurudi. Hakuna pampu. Feni ikifa, mashine itapunguza mwendo lakini mara nyingi itaendelea na kazi nyepesi hadi feni nyingine ipatikane, na feni ya milimita 120 ipo karibu kila duka la mafundi. Noctua ya Austria ilitoa NH-D15 mwaka 2014: urefu wa milimita 165, uzito wa kilo 1.3 na ushee. Ni kazi nzuri sana, ila kasha jembamba halifungiki juu yake. Minara ya Thermalright ya urefu wa milimita 155 hivi huingia kwenye makasha mengi, nayo haiumizi mfuko.

Kufunga kunataka mkono mtulivu. Uso wa prosesa husafishwa kwa spiriti hadi ung'ae. Pesti hutiwa katikati, tone la ukubwa wa punje ya njegere, basi. Kipozeo chenyewe kitaitandaza. Skrubu hukazwa kwa mshazari, mizunguko michache kila upande, ili shinikizo liwe sawa pembe zote. Wakati wa kusafisha vumbi kwa bloa, fundi huzuia mapanga ya feni kwa kidole, kwa sababu yakizungushwa kupita kiasi huumiza beringi na yanaweza kurudisha umeme kwenye ubao.

Mashine ikienda Marangu au Shimbwe Juu, mambo hubadilika. Huko kihamba chenyewe, migomba na mikahawa chini ya miti mirefu, kimeshaipoza nyumba, na kipozeo cha bei ndogo kinatosha. Fedha iliyookolewa inaingia kwenye diski. Ila njia ina mashimo, na kilo moja ya chuma inayoning'inia kwenye ubao inaweza kuupasua. Fundi humwagiza mteja ailaze kompyuta ubavu ndani ya Noah, ubao ukiwa chini na mnara ukisimama wima, na kasha lisibanwe na magunia. Kisha huandika namba ya mteja kwenye daftari, na Februari ikifika humpigia saa nane mchana amwombe amsomee nyuzi zilizo kwenye skrini.