Foleni Isiyobagua Magari

Mwishoni mwa 1966, Ole-Johan Dahl na Kristen Nygaard wa Kituo cha Kompyuta cha Norway, jijini Oslo, walikuwa wakihangaika na foleni ya magari. Foleni yenyewe ilikuwa ya mfano tu: daraja la kulipia, kibanda cha ushuru, na malori, mabasi na magari madogo yakisubiri zamu. Aliyewahi kuvuka Daraja la Nyerere kwenda Kigamboni hahitaji kuchorewa.

Lugha yao ya kwanza ya programu, Simula, ilikuwa ikifanya kazi kwenye kompyuta ya UNIVAC 1107 tangu 1965. Waliitunga ili kompyuta iweze kuigiza shughuli za watu, kama kazi za kiwandani au msongamano wa barabarani. Sasa lori lina tani za mzigo, basi lina abiria, gari dogo halina hili wala lile la kuhesabiwa. Lakini yote matatu huingia foleni, husogea na kutoka. Je, habari ya kupanga foleni iandikwe mara tatu? Kosa likigunduliwa kwenye nakala moja, nani atakumbuka kusahihisha mbili zilizobaki? Au iandikwe aina moja kubwa iitwayo gari, irundikiwe kila kitu, lori libebe nafasi ya abiria ambayo haitajazwa kamwe na basi libebe nafasi ya tani?

Tony Hoare, mtaalamu wa kompyuta Mwingereza, alikuwa ameshasogea karibu na jibu. Katika pendekezo lake la 1965 aina kuu iliweza kuwa na aina ndogo zenye sifa za pamoja na za kwao. Tatizo ni kwamba aina ndogo zote zilitajwa ndani ya ile kuu, kwa mpigo mmoja. Orodha ikifungwa, imefungwa.

Dahl na Nygaard waliigeuza kazi hiyo. Kwanza andika klasi, yaani maelezo ya aina moja ya kitu, na uiite kiungo; haijui lolote isipokuwa nani yuko mbele yake na nani yuko nyuma yake. Ifunge, iweke kando. Baadaye wewe, au mtu mwingine kabisa, ukiandika klasi ya lori, tanguliza jina la kiungo kama kiambishi mbele ya maelezo yake. Kwa kitendo hicho kimoja lori limekuwa kiungo, pamoja na tani zake. Mei 1967 waliwasilisha wazo hilo katika mkutano uliofanyika Lysebu, Oslo, na lugha mpya ikajulikana kama Simula 67.

Ninachokipenda zaidi ni jinsi jambo hili linavyokaa ndani ya mashine. Kompyuta ikitenga nafasi ya lori kwenye kumbukumbu yake, inaanza na sifa za klasi mama, yaani kiungo, kwa mpangilio ule ule, kisha inaongeza za mtoto, yaani lori, kwa nyuma. Kwa hiyo lori, likitazamwa kuanzia mwanzo, halina tofauti na kiungo kitupu. Anwani ya jirani wa mbele iko palepale ilipo kwenye basi na kwenye gari dogo. Maagizo ya kupanga foleni yanasoma nafasi hiyo na kuishia hapo, hayana haja ya kujua kuna nini zaidi. Leo ukiongeza bajaji, kitu ambacho hakikuwa akilini mwa yeyote pale Oslo, maagizo yale ya foleni yataipokea bila kubadilishwa herufi.

Na foleni yenyewe wameitengeneza kwa ufundi huohuo. Juu kabisa kuna klasi ndogo sana, tuiite unganishi, yenye anwani mbili tu, ya mbele na ya nyuma. Watoto wake ni wawili: kiungo, ambacho huingia na kutoka, na kichwa cha foleni, ambacho hakiendi popote lakini kinaweza kuulizwa foleni ina magari mangapi, lipi la kwanza na lipi la mwisho. Kwa kuwa kichwa nacho ni unganishi, foleni yote inakuwa duara. Foleni tupu ni kichwa kinachojielekea chenyewe pande zote mbili. Gari likitaka kutoka, linamuunganisha jirani wa mbele na jirani wa nyuma, kisha linafuta anwani zake. Halijiulizi kama lilikuwa la kwanza au la mwisho, maana daima kuna jirani kila upande, hata kama jirani huyo ni kichwa. Ni pale tu mtu anapouliza gari gani linafuata ndipo programu inapochungulia: kinachofuata ni kiungo? Kama ni kichwa, jibu ni kwamba hakuna. Maswali yote ya mwisho wa foleni, ambayo huwasumbua wanaojifunza kuandika programu, yamekusanywa mahali pamoja, katika mstari mmoja.

Linabaki la ushuru. Kila gari hulipa, ila kila aina kwa hesabu yake. Simula 67 iliruhusu klasi mama, hapa tuseme klasi ya gari iliyo kati ya kiungo na lori, kutangaza kwamba kuna utaratibu wa kukokotoa ushuru na kuacha mwili wake wazi, ili kila mtoto aujaze: lori kwa tani, basi kwa abiria. Mhudumu wa kibandani anaandikiwa agizo moja tu, kwamba gari lililo mbele litoe ushuru wake. Lugha hiyohiyo ilikuwa pia na njia ya kulikagua gari na kuamua: likiwa basi fanya hivi, likiwa lori fanya vile. Wapo wanaoitazama njia hiyo kama aibu. Mimi sioni hivyo. Askari anayetaka kuhesabu mabasi tu ana haki ya kuuliza lipi ni basi, kwa sababu hesabu hiyo ni kazi yake, si ya basi. Ushuru ni tofauti, unatokana na gari lenyewe, na kuupanga kwa maswali kibandani kunamaanisha kurudi kibandani kila aina mpya inapozaliwa.

Ugumu halisi uko kwenye kuamua nini kipandishwe juu kwa mama. Sifa mbili kufanana leo hakutoshi. Hapa mwanasayansi wa kompyuta Barbara Liskov, katika hotuba yake ya 1987, alisaidia sana: popote anapotarajiwa mama, mtoto aweze kusimama bila programu kuharibika. Chukua gari la wagonjwa, lisilolipa. Kama mama aliahidi kutoa kiasi kinachodaiwa, sifuri ni jibu halali. Kama aliahidi kiasi kilichozidi sifuri, na kuna mtu mahali fulani anagawanya kwa kiasi hicho, gari la wagonjwa litasimamisha daraja zima. Kosa hapo ni la ahadi, iliyosema zaidi ya ilichokuwa na uhakika nacho.

Ufundi huu una gharama yake. Kiungo kina anwani moja ya mbele na moja ya nyuma, basi hakiwezi kuwa kwenye orodha mbili kwa wakati mmoja. Ukikiingiza foleni ya pili, Simula inakitoa kwanza kwenye ile ya awali. Ukitaka lori lililo darajani liwemo pia kwenye orodha ya malori ya tajiri wake, itakubidi uunde kiungo kingine kidogo kinacholielekea. Kwa daraja, kikomo hicho ni sahihi kabisa, kwa kuwa hakuna lori linalosimama foleni mbili. Kwa orodha ya tajiri si sahihi, kwa hiyo kiungo kile cha ziada ni halali yake, na anayekiandika anapaswa kujua kwa nini anakiandika.