Bure, Lakini Kaandikiwa Nani?

Ukiwa Nairobi na huna kazi, lazima kuna mtu ashakwambia, "Si ujifunze kuprogramu? Iko bure mtandaoni." Ni kweli, iko. Ila masomo haya mimi huyasoma vile ninavyosoma riwaya: naangalia mwandishi alikuwa anamwona nani kichwani.

Tuanze na freeCodeCamp, ya Quincy Larson, iliyoanza 2014. Hatua ni fupi fupi. Unaandika mstari mmoja, unaambiwa umepata, unasonga. Mapema tu unajenga ukurasa wa picha za paka. Ni raha, lakini kwenye hatua hizo mwandishi wake hakuachi hata dakika moja. Kila pengo keshalichora, wewe unajaza tu. Siku utakayofungua ukurasa mtupu, utaukodolea macho.

CS50 ya Harvard ni tamthilia. David Malan anashika kitabu cha simu, anakifungua katikati, anakipasua, nusu moja anatupa. Anarudia. Kurasa 1,000 zinaisha kwa kama mipasuo 10, na hapo ushaelewa kwa nini kompyuta hutafuta jina haraka hivyo. Wengi wetu hatujawahi hata kushika kitabu cha simu, na bado haitusumbui. Sijaona mwalimu anayefungua hadithi vizuri kumshinda. Shida ni kwamba mhadhara mmoja ni kama saa mbili za video. Huyo anayemwona kichwani ana Wi-Fi nyumbani, si mtu wa kununua data ya leo leo. Maelezo ya maandishi yapo, sawa, lakini kusoma tamthilia si kuiona jukwaani.

The Odin Project ndiyo chaguo langu. Karibu yote ni maandishi, kwa hivyo data haiishi upesi. Inakutuma ukasome kwingine, inakupa kazi, mfano mchezo wa jiwe, karatasi na mkasi, halafu inanyamaza. Kazi ni yako mwenyewe. Ni mwandishi anayemwamini msomaji, na hao ni wachache hata kwenye fasihi yetu.

Halafu inaharibu mambo mapema sana: ukiwa na Windows, inakutaka kwanza uweke Linux. Kwa mwenye laptopu mpya hiyo ni kazi ya jioni moja. Kwa mwenye ile ya ex-UK inayopumua kwa shida, hapo ndipo wengine huachia, kabla hata ya somo lenyewe kuanza.

Na mwenye simu pekee je? Anaweza kusoma Odin ndani ya matatu kutoka Kayole hadi tao, Kiingereza chake akakielewa chote. Ikifika pa kuandika faili yake ya kwanza, itabidi atafute saiba, na saiba hakuna atakayemruhusu kuweka Linux.