Kuipima Riwaya ya Mnyonya Damu

Riwaya ya mapenzi ya mnyonya damu, au vampaya kama wengi wanavyomwita, ina asili mbili. Ya kwanza ni riwaya ya Kigothiki, iliyoanzia Uingereza mwaka 1764 Horace Walpole alipochapisha The Castle of Otranto: ngome ya kale, njia za chini kwa chini, msichana aliyenaswa, dhambi za mababu zinazorudi kudai haki yao. Ya pili ni hadithi ya mapenzi, ambayo swali lake kuu ni iwapo wawili watapatana, na kwa masharti gani. Asili hizi zinavutana. Hofu inamtaka msichana akimbie. Mapenzi yanamtaka abaki. Riwaya bora ni ile isiyokubali kuzitenganisha, ambamo kinachomvuta mhusika ndicho hichohicho kinachoweza kumwua. Hatari ikiondolewa na mapenzi yakabaki vilevile, yale meno ni pambo tu.

Mnyonya damu hakuwa mpenzi tangu mwanzo. Katika masimulizi ya vijiji vya Ulaya Mashariki alikuwa maiti inayofukuliwa kaburini. John Polidori, daktari wa mshairi Byron, ndiye aliyemvika suti na kumwingiza sebuleni mwa wakubwa katika The Vampyre (1819). Msomaji wa Afrika Mashariki atamkumbuka mumiani, ambaye visa vyake vya enzi za ukoloni vilichunguzwa na mwanahistoria Luise White katika kitabu Speaking with Vampires (2000). Mumiani naye anaogopwa kwa sababu ya damu, lakini hakuna anayempenda. Yeye ni hofu tupu, na tofauti hiyo inaonyesha ni kiasi gani mapenzi yamembadilisha mwenzake wa Ulaya.

Katika kupima, mahali hutazamwa kwanza. Si lazima iwe ngome, mradi mahali hapo pawe na kazi. Katika Dracula ya Bram Stoker (1897), wakili kijana Jonathan Harker anakwenda Transylvania kukamilisha mauzo ya nyumba, akagundua kwamba milango imefungwa na kwamba yeye ni mfungwa; jengo limesema kabla mwenyeji hajasema. Twilight ya Stephenie Meyer (2005) inafanya jambo hilohilo kwa mvua. Ngozi ya mnyonya damu Edward Cullen humetameta juani, kwa hiyo familia yake inaishi Forks, mji mdogo wa jimbo la Washington ambao mawingu yake ndiyo yanayowaruhusu vijana wao kwenda shule. Wanaoicheka riwaya hiyo kwa sababu ya ngozi inayometa wamekosea shabaha. Udhaifu wake uko kwingine, kama itakavyoonekana mbele. Katika riwaya yoyote, udhaifu wa mahali huonekana pale mishumaa, kunguru na mawaridi meusi yanapotajwa bila kumzuia wala kumsukuma yeyote.

Baada ya mahali ni sheria za kiumbe chenyewe. Mwandishi ana uhuru wa kuzitunga. Hata Dracula wa Stoker hutembea London mchana. Kifo cha kuunguzwa na jua kilienea baada ya filamu ya Nosferatu ya mwaka 1922. Kwa hiyo kulalamika kwamba mnyonya damu wa kweli hafanyi hivi au vile si uhakiki. La kuuliza ni kama sheria inazaa matukio. Dracula hana budi kupumzika katika udongo wa kwao, hivyo anasafirisha masanduku 50 ya udongo hadi Uingereza, na wanaomsaka wanayaharibu mpaka linabaki moja. Damu anayomlazimisha Mina, mke wa Harker, kunywa inamfunga mwanamke huyo kwake, lakini kifungo hichohicho ndicho kinachowafichulia wasakaji njia anayokimbilia. Charlaine Harris, katika Dead Until Dark (2001), ametunga sheria ndogo na tamu zaidi: mhusika wake mkuu, Sookie, husikia mawazo ya kila mtu, ila ya Bill, mnyonya damu, hayasikii. Kwake ukimya huo ni pumziko. Kwa sheria moja imeeleweka kwa nini anampenda yule anayepaswa kumwogopa.

Kipimo kigumu zaidi ni kama maandishi yanaijua hatari yanayoipamba. Hapa Carmilla ya Sheridan Le Fanu (1872) haijapata mshindani. Laura, msichana mpweke katika ngome ya Styria, anampokea Carmilla, mgeni mzuri aliyeletwa na ajali ya gari la farasi. Mgeni anampenda kwa maneno mazito yanayomsisimua na kumchukiza kwa pamoja, huku afya ya Laura ikizorota. Le Fanu hasemi ni wapi mapenzi yanaishia na njaa inaanza, kwa sababu kwa Carmilla ni kitu kimoja, na Laura anayesimulia miaka mingi baadaye bado hajaponywa na kumbukumbu hiyo. Mwandishi anajua, na msomaji anaachwa ajue. Katika Twilight, Edward anaingia usiku chumbani kwa Bella, msichana anayempenda, na kumtazama akiwa amelala, bila yeye kuwa na habari. Kitendo ni cha Kigothiki kabisa, ila riwaya inakihesabu kuwa ushahidi wa mapenzi na kupita. Huko ndiko uliko udhaifu wake.

Linabaki suala la gharama. Kutokufa kusikokuwa na bei ni zawadi ya harusi. Anne Rice aliandika Interview with the Vampire (1976) baada ya kufiwa na binti yake mdogo, na ndani yake mtoto Claudia anageuzwa mnyonya damu akiwa na miaka mitano: akili inakua na kuwa ya mwanamke, mwili unabaki wa mtoto milele. Hakuna busu linalofuta hilo. Mnyonya damu Louis anamsimulia kijana anayemhoji maafa yote hayo, na kijana anapomaliza kusikiliza anaomba naye ageuzwe. Hasira ya Louis inamhusu pia msomaji aliyevutiwa na uzuri peke yake. Mfululizo wa Meyer unamalizika kinyume chake. Katika Breaking Dawn (2008) Bella anapata ujana usiokwisha, mume, mtoto na utulivu ambao wanyonya damu wachanga hawaupati, na vita kuu vilivyotarajiwa havipiganwi. Ni mwisho mtamu, lakini taharuki ya vitabu vitatu imelipwa kidogo mno.

Anayetaka kujizoeza kupima aanze na Carmilla, ambayo ni fupi na inasomeka kwa jioni moja au mbili, kisha asome Interview with the Vampire, na Twilight aiweke ya tatu. Akianza na Twilight atakosa cha kuilinganisha nacho.