Afriti Jukwaani: Wimbo na Hadithi katika "Afrita Hanem"

"Afrita Hanem", yaani Bibi Afriti, ni filamu ya Misri ya mwaka 1949 iliyoongozwa na Henry Barakat. Farid al-Atrash, mwimbaji na mpiga udi mzaliwa wa Syria, anacheza Asfour, mwimbaji maskini anayempenda Aleya, binti wa mwenye jumba la maonyesho. Baba mtu hataki mkwe asiye na fedha. Baadaye taa ya kale inamfikia Asfour, na ndani yake mna jini wa kike, Kahramana, anayechezwa na Samia Gamal. Jini huyu anaamini kwamba Asfour ndiye mpenzi wake wa karne nyingi zilizopita, aliyezaliwa upya. Taa hiyo inatoka katika kisa cha Aladini, ambacho wasomaji wa Kiswahili wanakikuta katika Alfu Lela Ulela.

Ugumu mkubwa wa filamu ya nyimbo ni kwamba mtu akianza kuimba, kisa husimama. Mwaka 1933, katika filamu "Al-Warda al-Bayda", mwongozaji Mohammed Karim alifupisha nyimbo za mwimbaji Mohammed Abdel Wahab ili zisiilemee picha. Barakat anakwenda mbali zaidi. Shujaa wake anaishi kwa kuimba na mapenzi yake yamo katika jumba la maonyesho, kwa hiyo hakuna haja ya kutafuta kisingizio cha wimbo. Hata jina linafanya kazi: Asfour kwa Kiarabu ni ndege mdogo.

Ndege aimbaye hahitaji kutambulishwa Ulyankulu, mkoani Tabora, katika nchi ya Wanyamwezi. Katika ngano za Kinyamwezi, kama katika ngano nyingi za Kibantu, wimbo hutiwa kinywani mwa mhusika, mara nyingi ndege au mtu aliyedhulumiwa, na ndio unaofichua siri. Wasikilizaji huitikia, na kila kiitikio kinakisogeza kisa mbele. Sinema haiwezi kuitikiwa hivyo, kwa maana mwigizaji hamsikii mtazamaji. Ndiyo sababu jumba la maonyesho lina thamani kubwa katika filamu hii: wachezaji walio nyuma ya mwimbaji na watu walioketi mbele yake wanashika nafasi ya waitikiaji.

Vichekesho navyo vimejengwa juu ya sharti moja, kwamba Kahramana anaonekana na Asfour peke yake. Kumtokeza jini ghafla ni ujanja wa tangu enzi za Georges Méliès, mtengenezaji filamu wa miaka ya mwanzo ya sinema: kamera inasimamishwa, mwigizaji anaingia au kutoka, kisha inaendelea. Kazi ngumu iko machoni mwa waigizaji. Samia Gamal anasimama kati yao, nao wanapaswa kutazama kana kwamba hapo pana hewa tupu. Jicho moja likiteleza, uchawi umekwisha. Ismail Yassine, mchekeshaji anayecheza rafiki wa Asfour, anafaa sana hapa, kwa kuwa uso wake unaonyesha mshangao wa mtu anayemwona mwenzake akizungumza na ukuta.

Neno jini lenyewe lilifika Unyamwezi kutoka pwani, pamoja na wafanyabiashara waliofanya makao Kazeh, Tabora ya leo, katika karne ya 19. Lilikuta mizimu, na tofauti kati ya jini na mzimu ni kubwa. Mzimu ni wa ukoo na una madai juu ya walio hai. Jini wa taa hana ukoo na anayemmiliki, anatimiza amri tu. Barakat anaichanganya tofauti hiyo kwa kumpa Kahramana kumbukumbu na wivu, kwa hiyo mtumishi anakuwa mdai, na mapenzi yanapata mvutano ambao utajiri wa ghafla peke yake usingeweza kuuleta.

Mwisho unategemea uigizaji wa nafsi mbili. Samia Gamal, aliyekulia kisanii katika kundi la mnenguaji Badia Masabni mjini Cairo, anacheza pia Semsema, mnenguaji wa kawaida anayefanana kabisa na jini. Asfour anapata uso uleule katika mwili wa binadamu. Hilo ndilo suluhisho bora zaidi la filamu hii, na halikuhitaji ujanja wowote wa kamera.