Kitabu cha mwalimu wa watoto wenye ulemavu: kizuri, lakini hakitoshi

Bandugu, mwalimu wa watoto wenye ulemavu analishwaka teoria tu. Mimi nasema aanze na L'enfant handicapé au village cha David Werner, kilichotoka kwanza kwa Kiingereza mwaka wa 1987.

Nguvu yake njo hii: kilizaliwa katika PROJIMO, mradi wa kijijini Mexico ulioendeshwa na wenye ulemavu wenyewe. Sisi wa agronomi tunajua: mbegu yenye mkulima alijaribu mwenyewe inaaminika zaidi. Michoro yake inaonyesha namna ya kutengeneza magongo ao kiti kwa mbao za kawaida. Kuna hata mchezo: mtoto mzima anafungiwa kijiti kwenye mguu, anashindana mbio, asikie mwenzake anapitia nini. Mwalimu anaweza kuufanya kesho, bila franga hata moja.

Lakini kasoro iko. Kurasa nyingi ni za mwili: polio, viungo, mazoezi. Darasa limepewa nafasi ndogo. Mtoto mwenye kuona, kusikia na kutembea vizuri, lakini herufi zinamkatalia, mwalimu wake atafunga kitabu na njaa.

Walimu, mukisome pamoja, na kila mtu aandike mu daftari yenye darasa lake limemfundisha. Sura yenye kukosekana, ni nyinyi mutaiandika.