Jengo la 55 Broadway: Uzuri wa Makao Makuu ni wa Nani?



Leo naomba mnivumilie niache kidogo riwaya na sarufi, nizungumzie jengo. Mimi si msanifu majengo wala mhandisi, udaktari wangu ni wa fasihi. Lakini jengo nalo husomwa, na hili ninalotaka kulihakiki nimekuwa nikilisoma kwa zaidi ya miaka ishirini, tangu nilipohamia huku kaskazini mwa London.

Jumamosi iliyopita nilipanda treni Seven Sisters, nikabadilisha Victoria, nikashuka kituo kimoja mbele, St James's Park. Ukipanda ngazi kutoka pale huoni jengo lolote, kwa sababu umo ndani yake. Lazima utoke, uvuke barabara, halafu ndipo uinue shingo. Hilo ndilo 55 Broadway, lililokuwa makao makuu ya treni za chini ya ardhi za London kwa takriban miaka tisini. Wafanyakazi walihama mwaka 2020. Mwaka mmoja kabla, haki ya kulimiliki kwa muda mrefu iliuzwa kwa pauni milioni 120 kwa kampuni ya mambo ya hoteli. Nilisimama pale kama nusu saa hivi, nikijiuliza kwa nini nimekuja tena.

Kwa wasiolijua, niseme machache. Lilijengwa kati ya 1927 na 1929, likafunguliwa Desemba 1929. Msanifu wake ni Charles Holden. Jina hilo huenda halikwambii kitu, lakini kama ulisoma London basi umeshakaa chini ya paa lake: Senate House, ule mnara mweupe wa Chuo Kikuu cha London uliokamilika 1937, ambao wengi wetu tumezeeka katika maktaba yake, ni wake. Ukija Tottenham kunitembelea ukashukia Turnpike Lane, ule ukumbi mrefu wa matofali wenye madirisha makubwa, uliofunguliwa 1932, nao ni wake. Mtu huyo alipewa heshima ya kuitwa Sir, akaikataa, akapewa tena, akaikataa tena. Alisema kazi ya ujenzi ni ya watu wengi.

Sasa tuje kwenye hoja. Nikiwasikiliza wenzetu wakizungumzia majengo ya namna hii, nakuta makundi mawili. Kundi la kwanza ni la wanaougua kwa uzuri: ah, mawe yale ya Portland, ah, mnara ule wa mita 53 uliokuwa ofisi ndefu kuliko zote London wakati ule! Kundi la pili ni letu zaidi, sisi wa skuli ya kupinga ukoloni: jengo hili ni kiburi cha dola, basi, mjadala umekwisha. Mimi nasema wote wawili wamesimama nje wakatazama ukuta. Jengo la makao makuu halihukumiwi kwa ukuta. Lihukumiwe kwa mambo mawili. Kwanza, je, yule anayehudumiwa anaweza kuingia? Pili, je, mkubwa aliyemo ndani anaonekana pale kazi inapomshinda?

Tuanze na la kwanza. Kiwanja alichopewa Holden kilikuwa kibaya, kimepinda, na chini yake treni zilikuwa zikipita tangu 1868. Wasanifu wengi wangejaza kiwanja chote kwa ukuta ufuatao barabara, katikati wakaacha kiua chenye giza. Holden akafanya umbo la msalaba: mabawa manne yanakutana katikati, mnara unapanda pale yanapokutana. Faida yake ni ya kawaida kabisa: mwanga. Karani wa ngazi ya chini na bosi wake wote wanapata dirisha linalotazama nje. Na ghorofa ya chini iliachiwa wapita njia. Kulikuwa na ujia wenye maduka, mtu anatoka mtaa huu anatokea mtaa ule akipitia ndani ya makao makuu, hana habari wala kibali, ananunua gazeti lake na tiketi yake, anateremka. Wakubwa walikaa juu ya kichwa cha abiria, ni kweli, lakini pia walikaa juu ya treni zao wenyewe.

La pili ndilo linalonivutia kuliko yote, na watu hawalitaji sana. Katika ukumbi wa kuingilia, ule uliopambwa kwa marumaru, ziliwekwa ala za duara kama saa, kila njia ya treni na yake, zikiandika jinsi treni zinavyofuatana. Maana yake ni kwamba treni zikichelewa, mgeni anayengoja kumwona mkurugenzi alikuwa anasoma ukutani, kabla hajapanda lifti, kwamba leo mambo si mazuri. Hebu fikirini, jamani. Mngapi mmeshaingia ofisi ya shirika la umma, kwetu au hata huku Ulaya, mkakuta ukutani wametundika makosa yao ya siku ile? Kwa kawaida hutundikwa picha ya mkubwa na kauli mbiu.

Kisha kuna zile sanamu. Juu kabisa, kuzunguka mabawa, kuna michongo minane ya pepo nne, kila upepo mara mbili. Eric Gill alichonga mitatu, na mmoja wa upepo wa magharibi aliuchonga kijana Henry Moore, ikiwa ndiyo kazi yake ya kwanza ya hadharani. Mimi nikiitazama siwezi kusema pepo nne tu nikaachia hapo. Nahesabu: kaskazi, kusi, matlai, umande. Pwani yetu ilikuwa na makao makuu ya usafiri karne nyingi kabla ya treni, na hayo makao makuu yalikuwa angani. Nahodha alisubiri kusi ligeuke ndipo atweke tanga. Inachekesha kidogo kwamba shirika lililochimba mashimo ili lisihitaji upepo wala jua lilipotaka kujipamba likachagua pepo. Lakini naona walichagua vizuri. Usafiri wowote ni kutegemea kitu kikubwa kuliko wewe.

Chini zaidi, juu ya milango, ziko sanamu mbili za Jacob Epstein: Mchana na Usiku. Hizi zilileta kelele kubwa mwaka 1929. Magazeti yalizitukana, yakasema ni chafu, ni za kishenzi. Mvulana aliye kwenye sanamu ya Mchana yuko uchi, na watu wa heshima walikasirika mpaka Frank Pick, mkuu wa shirika aliyeagiza kazi hizo, akatoa barua ya kujiuzulu. Haikupokelewa. Mwisho Epstein alikubali kupunguza sehemu ya siri ya yule mtoto kwa inchi moja na nusu, na zogo likatulia.

Watu husimulia kisa hicho kwa kucheka, wakaishia hapo. Mimi nataka tuulize swali lingine: kwa nini ziliitwa za kishenzi? Epstein alikuwa mkusanyaji mkubwa wa sanamu za Afrika. Alizinunua kwa miaka mingi, aliishi nazo nyumbani. Ukimtazama yule mama wa Usiku, mzito, ametulia, uso umerahisishwa kuwa kama kinyago, mikono mikubwa, unaona mwalimu wake alikuwa nani. Kwa hiyo waliopiga kelele hawakukosea kuona ugeni. Walikosea jina tu. Sanaa ya mafundi wetu wasiojulikana majina ilikuwa imekwishaingia katikati ya Westminster, imekaa mlangoni mwa makao makuu, na hakuna kibao kilichosema imetoka wapi. Hapa kundi la pili, wapinga ukoloni, wana haki ya kulalamika. Lakini walalamike kwa usahihi: tatizo si kwamba jengo ni la Wazungu, bali kwamba halikukiri deni lake.

Nisije nikaonekana nimelewa mawe. Jirani yangu hapa Tottenham, mzee wa Barbados, alikuja kijana wakati shirika la usafiri la London lilipoanza, mwaka 1956, kuajiri watu moja kwa moja kutoka kisiwani kwao. Ameendesha basi mpaka akastaafu. Nilimuuliza siku moja kama analipenda jengo la 55 Broadway. Akanitazama kana kwamba nimemuuliza habari za mwezini. Akasema, "Mwanangu, mimi makao makuu yangu yalikuwa gereji." Ghorofani hakuwahi kuwa na sababu ya kupanda. Jibu lake limenikaa. Mlango unaweza kuwa wazi kwa abiria, na bado mtu anayeisukuma kazi yenyewe asione kuwa unamhusu.

Na hapo ndipo ninapomkumbuka marehemu baba. Alikuwa karani wa reli Tabora, enzi za Shirika la Reli la Afrika Mashariki. Makao makuu yalikuwa Nairobi. Nyumbani kwetu neno Nairobi halikuwa jina la mji, lilikuwa jina la mamlaka: "Nairobi wamesema," "barua ya Nairobi imefika." Mwaka 1971 alitumwa huko kwa mafunzo ya wiki chache, akaingia kwenye lile jengo la mawe la makao makuu ya reli. Safari hiyo tulisimuliwa mpaka tukaikariri. Alisema ukiingia pale unavua kofia bila kuambiwa. Alisimulia ngazi, korido ndefu, harufu ya wino na karatasi. Hakusimulia hata mara moja kwamba alimwona abiria mle ndani. Abiria shughuli yake ilikuwa stesheni.

Kwa miaka mingi nilidhani baba alivutiwa na jengo kwa sababu ya ule utii waliofundishwa. Siku hizi nadhani nilimdharau bure. Kilichomvutia ni kwamba kwa mara ya kwanza aliona kwa macho kitu alichokuwa kipande chake: reli inayotoka Mombasa hadi Kasese, na Dar es Salaam hadi Kigoma na Mwanza, shirika moja, sare moja. Karani wa Tabora na karani wa Kisumu walikuwa na baba mmoja, kama alivyopenda kusema.

Mkataba wa 1967 uliounda Jumuiya uligawa makao makuu kama nyama ya sherehe: Jumuiya yenyewe Arusha, reli na ndege Nairobi, bandari Dar es Salaam, posta na simu Kampala. Kila nchi ilitaka jengo lake, na haki ilikuwa upande wao, maana makao makuu ni ajira na ni heshima. Miaka kumi baadaye, 1977, Jumuiya ikavunjika, mpaka wa Tanzania na Kenya ukafungwa hadi 1983, na kila nchi ikabaki na vipande vya reli na majengo. Nairobi ikaacha kuwa jina la mamlaka nyumbani kwetu, ikawa mji wa nchi ya jirani usioweza kwenda. Nilikuwa mtoto wa shule ya msingi. Nakumbuka baba alivyokaa kimya jioni kadhaa.

Kwa hiyo nikisimama St James's Park mbele ya jengo lililohamwa, silitamani kama mtalii. Naona London nayo imeanza kufanya jambo ambalo sisi tulifanyiwa na siasa: kutenganisha huduma na nyumba yake. Sipingi hoteli. Jengo lisilotumika hufa, na hili limewekwa daraja la kwanza la ulinzi tangu 2011, halitabomolewa. Ninachohofia ni ule mlango. Siku ujia wa mpita njia utakapokuwa ukumbi wa wageni waliolipa, mawe yatabaki yote, sanamu zitabaki zote, na kilicholifanya jengo liwe zuri kitakuwa kimeondoka.

Na kwetu je? Majengo ya reli ya Nairobi na Dar es Salaam bado yapo, lakini tahakiki yake kwa Kiswahili iko wapi? Tunaandika tasnifu juu ya riwaya tatu zilezile, na hapo hapo wazee waliofanya kazi ndani ya majengo yale wanaondoka mmoja mmoja. Mimi wangu ameshakwenda, sikumuuliza hata ofisi aliyoingia ilikuwa ghorofa ya ngapi. Ombi langu kwenu ni dogo: mwenye mzazi, mjomba au shangazi aliyefanya kazi reli, bandari au posta za Jumuiya, ampigie simu wiki hii. Amuulize jengo lilikuwaje ndani, nani aliingia kwa mlango gani. Ayaandike kwa maneno ya mzee mwenyewe, kisha atuletee hapa tuyasome.

Nawasilisha.